Mpangaji wa Jumanne

Kwa miaka kumi na saba, kila Jumanne baada ya saa nane mchana, niliweka nyundo chini ili Padre alale.

Mimi ni fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo watoto wa bweni hubeba kwenda shule, na kazi yangu ni kelele. Huwezi kukunja bati kimyakimya. Watu wa Bondeni, mtaa wetu hapa Nakuru, walijua kwamba Jumanne mchana hakuna kazi kwangu, hata Januari, wakati wazazi wamejaa uani na mtoto anaripoti Form One kesho yake. Wakija walinikuta nimekaa kwenye kiti mlangoni, mikono juu ya magoti, na nyuma yangu, mlango ukiwa wazi kabisa, mwanamume mkubwa amelala chali kwenye benchi la sebuleni, viatu vimepangwa chini, mdomo wazi, akikoroma. Mgeni akiuliza huyo ni nani, nilisema ni mpangaji. Lilikuwa jibu la kweli, na liliniudhi kila mara nilipolitoa.

Tulimzika mwaka huu. Kwenye misa ya maziko wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema alikuwa mpole, mvumilivu na mtu wa kushika saa. Nilikuwa kwenye benchi la nne, nikatazama dari. Mtu huyo alichelewa harusi, alichelewa ubatizo, alichelewa hata sherehe ya miaka arobaini ya upadre wake mwenyewe, tukaanza kula bila yeye. Upole wake sikuuona. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema wale waliomsifu hawakuwahi kuishi naye, na mimi, kwa mujibu wa karatasi za ofisi ya nyumba, niliishi naye miaka kumi na tisa.

Ilianza na fomu. Baba alifariki kwanza, mama akamfuata baada ya miaka miwili. Nilikuwa na miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na nyuma yangu wadogo wanne: Agnes, Simoni, Tereza, na wa mwisho tuliyemwita Kadogo, ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni. Siku ya pili baada ya kumzika mama, jamaa walikaa sebuleni kwetu ili watugawe. Sisemi kwa ubaya. Walikuwa watu wema wenye nyumba ndogo. Baba mdogo wa Molo angemchukua Simoni kwa sababu alikuwa na ng'ombe wa kuchungwa. Shangazi wa Naivasha, ambaye mume wake alikuwa kibarua kwenye visima vya mvuke huko Olkaria, angemchukua Agnes amsaidie na mtoto mchanga. Mimi ningemalizia shule nikikaa kwa jamaa wa Rhonda. Tereza na Kadogo walikuwa bado wanatafutiwa.

Padre alifika soda zikiwa zimeisha. Akasalimia kila mtu, hata wale aliokuwa amewasalimia makaburini, akasikiliza mpango mzima, kisha akaniuliza mimi nasemaje.

Nilisema hawa hawatoki. Nilisema nitaacha shule, nitatafuta kazi, lakini sisi watano tutakaa pamoja kwenye nyumba hii.

Baba mdogo alicheka kwa huruma. "Utawalisha na nini, wewe? Hata ndevu huna."

"Unakosea," Padre akasema. "Shule haiachwi. Lakini nikikuzuia utakosea peke yako. Afadhali nikusaidie ukosee vizuri."

Tatizo lilikuwa nyumba. Ilikuwa nyumba ya baraza la mji, vyumba viwili na jikoni, na mpangaji alikuwa baba, kisha mama. Karani wa ofisi ya nyumba alikuwa ametupa fomu na kutueleza bila ukali kwamba mtoto hawezi kuwa mpangaji. Ni lazima mtu mzima anayeishi humo, la sivyo nyumba inapewa familia nyingine iliyo kwenye orodha, na orodha ilikuwa ndefu. Baba mdogo hangeacha shamba lake, shangazi hangeacha mume wake. Basi Padre akaomba ile fomu, akaandika jina lake kwenye mstari wa mpangaji, akateremka hadi kwenye swali: Je, unaishi katika nyumba hii? Hapo kalamu ikasimama.

Ningekuwa mimi ningeandika ndiyo na maisha yaendelee. Lakini yule mzee alikuwa hawezi kuandika uongo, kama vile kuna watu hawawezi kula mayai. Alianza kuuliza watu pale sebuleni kuishi mahali maana yake nini. Akamuuliza baba mdogo, akamuuliza mwalimu mmoja aliyekuja kutoa pole, akamuuliza hata mwanamke aliyekuwa anaosha sufuria uani. Mwishowe baba mdogo, aliyekuwa amechoka na alitaka kuwahi gari la Molo, alisema mtu anaishi pale anapolala.

"Fomu imesema ni kila siku?" Padre akauliza.

"Haijasema."

"Na imesema ni usiku?"

Haikuwa imesema. Padre aliandika ndiyo. Kisha akavua viatu, akavipanga chini ya benchi, akawaomba shangazi zangu wasogee, akalala mbele ya waombolezaji wote. Hakuigiza. Alikoroma kwa karibu saa mbili. Watu walishusha sauti bila kutaka, na mkutano wa kutugawa ukafia hapo, kwa sababu watoto hawagawiki kwa kunong'ona. Alipoamka alisema atakuja kila Jumanne. Jumatatu, alisema, ni siku ya mapadre kupumzika, na kulala kwetu ni kazi.

Akatoa amri moja: akiwa amelala, mlango ubaki wazi na benchi litazame barabara. Mtu yeyote anayetaka kujua padre anafanya nini kwenye nyumba ya mayatima apite tu aangalie. Walipita. Mtaa mzima ulipita. Jirani yetu Mama Halima, aliyekuwa akiuza viazi karai ng'ambo ya barabara, alimpa jina la landilodi. "Landilodi wenu amefika," alikuwa akiniita, "ficha nyundo." Au kama alikuwa amekoroma sana: "Leo alikuwa ametia besi, hata mafuta yangu yalitetemeka." Padre akiamka alivuka barabara kununua viazi na kumuuliza kama kuna aliyelalamika. Mama Halima alimwambia wateja wanauliza kama kuna posho mill mpya inayosaga unga mtaani. Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, maana nilikuwa na bati lililokunjwa nusu na mzazi aliyekuwa amenuna.

Nilijaribu kumshawishi abadilishe saa. Nilimwambia Jumanne ni siku ya soko, watu wengi wanakuja mjini, kwa nini asije Jumatano? Alisema Jumatano ana shule. Alhamisi? Ana wagonjwa. Nikamwambia basi angalau alale dakika kumi, sheria imetimia. Hapo alinikemea vibaya. Alisema mtu anayelala dakika kumi amesinzia, hajalala, na yeye hawezi kuweka jina lake kwenye usingizi wa uongo.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa mwizi kwenye drafti. Hili hawakulisema kwenye mazishi. Tulicheza kila alipoamka, kwenye ubao alioutengeneza Simoni, kwa vifuniko vya soda, na ukigeuka kumwambia Kadogo ateremke kwenye meza, ukirudi kifuniko chako kimoja hakipo. Nilimkamata mara ngapi sijui. Mara moja kifuniko kilidondoka kutoka kwenye mkono wa kanzu wakati alipoinua kikombe cha chai. Nilimuuliza iko wapi ile chuki yake ya uongo. Aliokota kifuniko akakirudisha taratibu. "Sikusema kitu," akasema. "Uongo ni maneno." Watoto walimpenda kwa sababu hiyo. Mimi ilikuwa lazima niwafundishe wasiibe, mpangaji wetu akiwaibia mezani.

Tena alikuwa hawezi kukaa na kitu. Nilimtengenezea sanduku la kuwekea mavazi ya misa, bati nene, kona zimepigwa ribiti mara mbili. Baada ya wiki tatu nililiona sanduku hilo kituo cha magari, juu ya kichwa cha msichana anayeenda Form One. Nikatengeneza la pili. Likaenda. La tatu nililichomelea msalaba kwenye kifuniko, mkubwa, nikajiambia huyu sasa hataweza kumpa mtu. Alimpa binti wa familia ya Kiislamu pale karibu na msikiti. Baba yake alikuja kwangu na sanduku siku hiyo hiyo jioni, mwanamume wa heshima sana, akakohoa, akasema anashukuru kwa zawadi lakini kuna kitu kidogo hapa juu. Nilitoa ule msalaba kwa tindo. Ilinichukua nusu saa. Padre nilipomuuliza alisema msichana hakuwa na sanduku na sanduku lilikuwepo, kwani ni hesabu gani hiyo inayonishinda.

Hesabu aliitaja makusudi. Kila Jumanne, kabla hata hajavaa viatu, aliniuliza kama nimefikiria habari ya shule. Kila Jumanne. Nilikuwa na miaka kumi na saba akauliza, ishirini akauliza, ishirini na nane, nina vijana wawili ninaowafundisha ufundi, akauliza mbele yao. Alileta vitabu vya hesabu vya kidato cha pili vilivyotumika, akaviacha juu ya benchi, Simoni akavisoma, kisha Tereza, kisha Kadogo. Nilimwambia siku moja kwamba kama anataka mtu arudi shule, aangalie hawa wanne, kwa maana ndio sababu ya mimi kutoka. Alisema anawaangalia, wanaendelea vizuri, yeye ameniuliza mimi. Hakuna kitu kinachochosha kama mtu aliyekusaidia kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulikubali, na ambaye kila wiki anakuja kukukumbusha yote mawili.

Lakini alikuja. Hilo lazima niliandike hata kama linaniharibia malalamiko.

Walimhamisha mara tatu. Alipopelekwa parokia ya upande wa Naivasha nilipumua, nikasema sasa nitafanya kazi Jumanne kama watu wengine. Jumanne ya kwanza nilipiga nyundo hadi saa nane na robo, nikijisikia mwizi, na saa nane na nusu akateremka kutoka kwenye lori la wafanyakazi wa Olkaria, kanzu nyeupe kwa vumbi. Alikaa huko miaka minne. Gari lake likiharibika, na lilikuwa halina siku ya kupona, alipanda chochote kinachokuja upande wa Nakuru. Mara moja alikuja na lori la kabichi. Alikuwa na homa Jumanne nyingine, akalala mpaka saa moja jioni, Agnes akimwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, na alipoamka aliomba msamaha kwa kuzidisha. Alifika amechelewa siku zote. Sikumbuki siku aliyokosa.

Ule mwaka wa ghasia baada ya uchaguzi, mji ulipokuwa unanuka moshi, nilijua hangekuja. Tulikuwa tumejifungia siku nne. Vijana walikuwa wanapita barabarani wakiuliza nyumba hii ni ya nani na ile ni ya nani, na majibu mengine yalileta moto. Nilikuwa nimeweka wadogo zangu chini ya kitanda cha mama na sanduku la bati mbele yao, kana kwamba bati linazuia kitu. Jumanne mchana mlango uligongwa. Padre alikuwa amesimama nje peke yake, ametembea kutoka Rhonda kwa miguu, mikate miwili chini ya kanzu. Nilimvuta ndani na kufunga komeo. Alinipa mikate, akavua viatu, akaniambia nifungue mlango.

Nilimwambia ana wazimu.

"Nikifunga nimejificha," akasema. "Mimi sijajificha. Mimi naishi hapa. Fungua."

Nilikataa. Tulivutana kwenye komeo, mimi na padre, kama watoto. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Mlango ukafunguka, akaenda akalala kwenye benchi lake, chali, mikono kifuani. Nikabaki nimesimama kwenye kona na nyundo mkononi, nikimchukia kwa roho yote.

Walikuja. Sauti zao zilitangulia, kisha wakaonekana mlangoni, saba au wanane, wengine nikiwajua. Mmoja aliuliza kwa sauti hapa anakaa nani. Mama Halima akajibu kutoka ng'ambo, dirisha lake likiwa nusu wazi: "Hapo ni kwa Padre. Si mnamuona amelala? Msimwamshe, akiamka anaanza mahubiri." Walimtazama. Padre alikoroma. Yule aliyeuliza alijaribu kucheka, mwingine akamshika mkono, wakaenda. Mpaka leo sijui kama alikuwa amelala kweli. Nilimuuliza baadaye, akasema fomu inahitaji usingizi na yeye hadanganyi fomu. Nilimuuliza mara ya pili akiwa mzee kabisa. Alisema tucheze drafti.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuchukua nyumba mwenyewe nilipopata kitambulisho. Nilijaribu. Sheria ilikuwa nyepesi: mpangaji wa zamani na mpya waje pamoja ofisini, kila mmoja atie sahihi. Pamoja, na mtu yule. Mara ya kwanza nilimsubiri kwenye ngazi za ofisi hadi wakafunga. Alikuwa amesimama njiani kumpaka mafuta mgonjwa, na baada ya mafuta wakampa chakula. Mara ya pili alimbeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hadi hospitali, sikuweza kusema neno, ingawa nilikuwa nalo. Mara ya tatu alikuja kwa wakati, saa mbili kamili asubuhi, amechana nywele. Ilikuwa kesho ya siku tuliyopatana. Nikaacha. Nilikuwa na watoto wa kulea, na nyumba haikuwa inatikisika. Kwa siri pia nilihisi kwamba yeye hakuwa na haraka, na hilo lilinikera zaidi kuliko kuchelewa kwake.

Kisha magoti yakamshinda. Wakampeleka kwenye nyumba ya mapadre wazee, upande wa Njoro, mahali penye miti na baridi, na Jumanne zikaisha. Nilidhani nitafurahi. Jumanne ya kwanza nilipiga bati hadi jioni na masanduku mawili yakatoka yamepinda. Yeye akaanza kupiga simu. Saa nane mchana simu inalia, nashika, anasema: "Leo tena sijalala kwetu. Ile karatasi inazidi kuwa mbaya." Nilimwambia hakuna anayeisoma. Alisema yeye anaijua imeandikwa nini.

Alikuwa na haki ya kuogopa, kwa maana baada ya miaka miwili ofisi iliamua kuwaandika wapangaji wote upya. Tulipewa fomu. Mpangaji ambaye haishi tena kwenye nyumba aandike sababu ya kuondoka kwa mkono wake, atie sahihi, amtaje anayemwachia, na karatasi ifike kabla ya ofisi kufunga Ijumaa. Isipofika, nyumba inahesabiwa haina mtu. Nilipata habari Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikuwa Njoro.

Nilimkuta nje kwenye jua, blanketi magotini, mwembamba hata nikatafuta uso wake kwanza. Alifurahi. Akaniuliza kama nimefikiria habari ya shule. Nikamwambia Padre, leo hapana, leo ni fomu, kesho ndiyo mwisho. Nilikuwa nimeshamjazia kwa penseli ili apitishe kalamu tu. Kwenye sababu niliandika: Uzee na ugonjwa.

Aliinua kioo chake cha kukuzia, akasoma, akaomba kifutio.

"Mimi si mgonjwa," akasema. "Nimechakaa."

"Basi acha uzee peke yake."

"Nilikuwa mzee hata nilipokuwa nakuja. Uzee haukunitoa."

Nilipendekeza tuandike amehamia kwingine. Alisema hakuhama, alihamishwa. Nilipendekeza tuache wazi. Alisema kuacha wazi ni uongo wa mtu mvivu. Jua lilisogea. Mpishi alileta chai, Padre akaniambia ninywe kwanza, na mimi nilikuwa nafikiria gari la kurudi, benchi, kuta ambazo mama alizipaka chokaa, na karatasi nyeupe iliyolala kwenye blanketi la mtu anayetafuta neno sahihi. Nikashindwa kujizuia.

"Padre, miaka kumi na saba nimekaa mlangoni kama mlinzi, sijapiga hata msumari Jumanne, ili wewe usiwe mwongo. Wateja wameniacha. Watu wamenicheka. Leo nakuomba neno moja tu, uandike neno lolote, nyumba isiende. Unanitesa kwa nini?"

Hakukasirika. Aliweka kioo chini.

"Nilijua," akasema. "Kila nilipofika pale kwenye kona ya msikiti nilisikia nyundo ikinyamaza. Nikasema, haya, ameniona. Nilikuwa natembea polepole ile sehemu ya mwisho. Nilipenda kukusikia ukinyamaza." Kisha akauliza: "Nyumbani sasa yuko nani?"

Nilimwambia, ingawa alijua. Agnes ni nesi, ameolewa, ana watoto wawili. Simoni yuko Olkaria, si kibarua, ni fundi wa mitambo. Tereza anafundisha Molo, karibu na kwa baba mdogo. Kadogo yuko chuo, anarudi wakati wa likizo na kulala hadi saa nne asubuhi. Mimi niko.

"Hakuna aliyechukuliwa na mtu."

"Hakuna."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia alama za mtihani alizozitegemea. Akachukua kalamu. Aliandika polepole sana, akiwa ameinamia karatasi hivi kwamba sikuona kitu, akatia sahihi, akaandika jina langu lote pale chini, majina matatu. Akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, na kabla sijanyoosha mkono akailamba na kuifunga.

Nilimwambia nilitaka kuisoma. Alisema haikuandikwa kwangu, imeandikwa kwa karani. Nilimwambia kama ameandika kitu cha kuniharibia nitarudi. Alisema nirudi tu, hata kama hajaharibu, maana pale hakuna mtu anayejua drafti.

Ijumaa nilikuwa wa ishirini na kitu kwenye foleni. Karani alikuwa kijana, mchangamfu, shati limepigwa pasi, na alikuwa anasoma kila fomu kwa sauti, sijui kwa nini, labda ili asisinzie. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyeandika anahamia kwa mwanawe. Nyuma yangu watu walikuwa wameanza kusukumana kwa sababu saa ya chakula inakaribia. Nilitoa bahasha. Kijana aliipasua, akasoma jina la mpangaji, akasoma namba ya nyumba, akafika kwenye sababu, akanyamaza. Akairudia kimoyomoyo. Akaniangalia.

"Boss, hii nyumba ni ya padre? Padre wa Katoliki?"

Nilisema ndiyo.

"Na hapa kwa sababu ya kuondoka ameandika," akasema, na akasoma ili wote tusikie, "Watoto wamekuwa wakubwa, wote watano."

Foleni ilikufa kwa kicheko. Mama mmoja nyuma yangu alisema hata mapadre siku hizi, mwingine akasema watano ni wengi lakini angalau amekubali. Kijana alijitahidi kukaza uso. Padre alikuwa ameniachia jambo la kueleza, kama kawaida yake, na yeye amekaa Njoro kwenye jua. Nilianza kuhesabu, nikidhani amekosea: Agnes, Simoni, Tereza, Kadogo. Nilihesabu tena. Hakuwa amekosea. Mtu yule hakuwahi kuandika uongo.

"Sasa nisaidie," karani akasema, kalamu juu ya karatasi. "Ni kweli, hawa watoto watano?"

"Ni kweli," nikasema. "Mimi ndiye wa kwanza."